Kivuli Kina Wenyewe

Muulize mtu wa Ukunda bustani ya umma iko wapi, kwanza atakutazama usoni aone kama unamtania. Kisha atakuuliza: ya kulima au ya kupumzikia? Ukisema ya kupumzikia, ataanza kuhesabu kwa vidole. Kuna kivuli cha mwembe pale nje ya msikiti. Kuna ufuo, ikiwa unaijua njia ya kuufikia. Kuna Baraza Park kule Kwale mjini, ikiwa una nauli ya kupanda mlima kutoka Kombani. Kuna mikoko ya Gazi na daraja lake la mbao. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, atakutajia kaya.

Orodha hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kila pahali palipotajwa pana historia ya mvutano: nani aingie, nani atoe ruhusa, na karatasi ya pale imelala kabati la nani. Wazee wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali nzuri, lakini nikiitazama historia ya Kwale naiona haijakamilika. Huku kwetu kuna mali iliyokuwa na daftari safi kabisa na bado ikakatwa mpaka shina. Na kuna mali iliyokaa karne nyingi bila daftari, ikilindwa na mwiko tu, mpaka siku daftari la mtu mwingine lilipoifikia. Hoja yangu ni kwamba pahali pa wote panadumu pale mwiko na daftari vinapokutana mkono kwa mkono, na wale wanaokaa karibu wakawa wanapata kitu kwa kupalinda.

Tuanze na neno baraza. Kwa asili baraza ni kile kikalio cha mawe nje ya nyumba ya Kiswahili, kilichoshikana na ukuta, kando ya mlango. Ni cha mwenye nyumba, lakini mpita njia naye ana haki ya kuketi. Mgeni hukaribishwa hapo kabla hajaingia ndani. Watu huchezea bao hapo, hunywa kahawa, husikilizana habari za mji. Ukifikiria, hiyo ni bustani ya mtaa mzima iliyojengwa na mtu mmoja kwa gharama yake, na hakuna aliyeweka bango la masharti kwa sababu kila mtu anayajua.

Serikali ya kikoloni ilipofika ililichukua neno hilo ikampa chifu. Baraza likawa mkutano: mkubwa amesimama, watu wamekaa chini, kodi inatangazwa. Makao ya wilaya, ambayo enzi hizo iliitwa Wilaya ya Digo, yakawekwa Kwale, juu mlimani penye ubaridi. Uhuru ukaja, na neno likabaki na maana zote mbili. Ndiyo sababu jina la Baraza Park hunipendeza na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Ni baraza la nyumbani, mtu akae atakavyo, au ni baraza la chifu, mtu akae ameitwa? Sikukuu za kitaifa zikifika, viti hupangwa na hema husimamishwa. Siku za kawaida watu hupita, hukaa, hungoja jua lipoe. Nadhani bustani nzuri ni ile yenye siku nyingi za kawaida kuliko za sherehe.

Kabla ya baraza la chifu, Wadigo tulikuwa na kaya. Mapokeo ya Wamijikenda yanasema mababu walitoka Singwaya, kaskazini, wakisukumwa na maadui, wakaja kujenga miji iliyozingirwa na msitu mzito. Mji ulikuwa katikati, kwenye uwazi. Njia za kuingilia zilikuwa chache na zilijulikana. Fingo, yaani kinga ya mji, ilizikwa ardhini, na msitu wenyewe ukawa ukuta. Kaya zilianza kujengwa tangu karne ya 16. Baadaye, hatari ilipopungua na watu wakataka mashamba mapana, walitoka mmoja mmoja, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazikaliwi tena. Makaburi yalibaki. Maombi ya mvua na ya kuondoa maradhi yalibaki. Mwiko ulibaki: usikate mti, usichukue kitu, usipite nje ya njia.

Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, ni mojawapo. Msitu wenyewe ni mdogo, kama hekta 30 tu, umeshikana na bahari. Nilimpeleka mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 12 na maswali ya mtu wa 40. Mlangoni tulifungwa kaniki, tukavua kofia, tukasomewa masharti: hata jani lililoanguka halitoki. Kijana akaangalia huku na huku, kisha akaninong'oneza, "Mjomba, mbona hakuna bembea?"

Kiongozi wetu alimsikia, akacheka. Akampeleka kwenye mti mkubwa, mizizi yake imetambaa juu ya jiwe la matumbawe kama mikono ya bibi kizee, akamwambia aukumbatie kimya kimya amwombe Mungu anachotaka. Mpwa wangu akaukumbatia. Sikumuuliza aliomba nini. Tulipoendelea alikuwa hasemi tena habari za bembea. Alikuwa anahesabu vipepeo, na kila tulipofika kwenye uwazi aliuliza nyumba zilikuwa wapi, mlango ulikuwa wapi, watoto walicheza wapi. Swali hilo la mwisho hata kiongozi lilimpa kazi.

Nieleze kwa nini nilimpeleka yeye. Kwa mila ya zamani ya Wadigo, mpwa ndiye aliyekuwa akirithi kwa mjomba wake, siyo mtoto kwa baba. Sheria ya Kiislamu ilipoenea ilileta njia nyingine, na mabishano juu ya urithi yamejaza mafaili ya mahakama huku kwa zaidi ya karne. Mie sina shamba la kumwachia mtu, si kwa njia hii wala ile. Nilichonacho ni pahali ninapopajua. Na nikitaka kumrithisha pahali, lazima nimweleze pia jinsi panavyopotea.

Panapotea hivi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Aliyedai ardhi alitakiwa ajitokeze, alete ushahidi, aandikishwe. Kisichodaiwa kikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Sasa fikiria, msomaji wangu, mzee wa kaya wa wakati ule. Aende akadai msitu kwa jina la nani? Kwa jina lake? Kaya si ya mtu. Kwa jina la marehemu waliolala humo? Fomu haikuwa na nafasi ya marehemu. Kwa hiyo mali iliyokuwa na wenyewe wengi mno ikaonekana kwenye daftari kama mali isiyo na mwenyewe. Naamini hapo ndipo mizizi ya shida nyingi za ardhi za Kwale ilipo, na haikung'oka siku bendera ilipobadilishwa.

Miongo iliyofuata uhuru, viwanja vya ufuoni Diani vilipanda thamani. Hoteli zilijengwa, barabara ikawekwa lami, na msitu wa pwani ukakatwakatwa kama keki ya harusi. Wadudu na ndege walipungua makao. Kima wenye manyoya meusi na meupe, ambao sisi huwaita kuluzu, wakawa wanavuka barabara na kugongwa. Ndipo mwaka 1997 likaundwa shirika la kuwatetea hapo Diani, na leo ukipita barabara ya ufuoni utaona ngazi za kamba zimetandikwa juu ili wavuke bila kushuka. Huo nao ni aina ya ujenzi wa bustani: mtu kafikiria njia ya kiumbe asiyeweza kuandika barua ya malalamiko.

Kaya nazo zililiwa pembeni. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Ann Robertson alitoa ripoti juu ya mimea ya misitu ya kaya, na baadaye yeye na Quentin Luke wakazunguka misitu ya pwani nzima. Waliyoyakuta yaliwashangaza wanasayansi: vipande vidogo vya msitu, vingine vya hekta chache tu, vimebeba mimea ambayo ni adimu sana kwingineko duniani. Ilibainika kuwa mwiko wa wazee ulikuwa umefanya kazi ambayo idara nyingi zenye magari na sare zilishindwa. Lakini mwiko ulikuwa unachoka. Vijana walihitaji mbao na pesa, wanunuzi wa viwanja walikuwa na hati, na mzee akisimama mbele ya tingatinga na fimbo yake, tingatinga halijui kaniki.

Daftari likaja mwaka 1992. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilizitangaza kaya, zikiwemo kadhaa za Kwale, kuwa turathi za taifa chini ya sheria ya mambo ya kale, na mwaka huohuo ikaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani kwa msaada wa shirika la WWF. Kwa mara ya kwanza mzee wa kaya akawa na kitu cha kuonyesha zaidi ya fimbo.

Halafu ikaja 1997. Siku ya 13 Agosti mwaka ule, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikachukuliwa. Vurugu zikaenea kusini mwa pwani, watu wa bara wakafukuzwa majumbani, wengine wakauawa. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza vurugu za kikabila nchini, ilisikia jinsi vijana walivyolishwa kiapo na kufundishwa vita msituni, pahali panapoitwa Kaya Bombo. Kwa miezi, neno kaya halikuandikwa gazetini bila neno bunduki kando yake. Watalii wakatoweka. Hoteli zikafunga, wapishi na watunza bustani wakarudi vijijini na masanduku yao. Msitu, uliokuwa kimbilio la wahenga, ukawa pahali askari wanapoingia wakitafuta vijana.

Nalitaja jambo hili chungu kwa sababu bila hilo huwezi kupima uzito wa kilichofuata. Mwaka 2001, miaka minne tu baadaye, jamii ya Kinondo iliifungua kaya yake kwa wageni. Wangeweza kufunga mlango kabisa, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake waliamua nani aingie, kwa vazi gani, kwa njia ipi, na afike wapi. Sehemu nyingine za msitu hazionyeshwi kwa pesa yoyote. Kiingilio kikaenda kwenye mahitaji ya jamii. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji ndiye aliyeshika ufunguo. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya zikaingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Yaani dunia ilituambia mambo mawili kwa miaka miwili mfululizo: msitu wenu ni wa thamani, na wanaojua kuutunza wanakwisha.

Sasa twende Gazi, tuone upande wa pili. Ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni, unashuka barabara kuu unakata kushoto, bodaboda inakupeleka mpaka kijijini. Gazi ni mji wa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyewapiga Waingereza vita mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani. Mikoko inaanza nyuma ya nyumba.

Mikoko ya Kenya haikukosa daftari. Tangu 1932 yote, kuanzia Vanga mpaka Kiunga, ilitangazwa msitu wa serikali. Karatasi ilikuwa nzuri, muhuri ulikuwa mzito. Na bado, katika miaka ya 1970, sehemu kubwa ya mikoko ya Gazi ilikatwa kuwa kuni za viwanda, za kuchomea chokaa na matofali. Ilibaki tope tupu. Samaki wadogo wakakosa pa kukulia, kaa wakapungua, mawimbi yakaanza kuula ufuo. Kwa nini daftari halikuzuia? Kwa sababu aliyelishika alikaa mbali, na aliyekaa karibu hakuwa na neno. Mtu wa kijiji akikata boriti ya kuezekea alikuwa mwizi, na lori likipakia mzigo mzima lilikuwa na kibali. Katika hali hiyo mwiko unafia wapi kama si hapo?

Kupanda upya kulianza mwaka 1991, watafiti wa KMFRI wakishirikiana na wanakijiji. Ni kazi ya kuinama kwenye tope, mche mmoja baada ya mwingine, huku maji yakikupimia saa. Mingine ilikufa, ikapandwa tena. Baadaye akina mama wa Gazi wakajenga daraja la mbao ndani ya mikoko, mtu atembee mguu mkavu akitazama kaa na vifuranje vya mikoko vikichipua. Wanatoza kiingilio, na ukiagiza mapema wanakupikia wali wa nazi na samaki. Mwaka 2013 ukazinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni: hekta 117 za mikoko zinatunzwa na jamii, hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo inapimwa na kuuzwa nje, na pesa zinarudi kwenye maji na shule. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya ukaa ya mikoko, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Nilitembea juu ya daraja lile na mpwa wangu. Ubao mmoja ulikuwa umeoza, mama mmoja akaja na nyundo na misumari akaurekebisha sisi tukiwa pale pale, kisha akarudi kwenye moto wake. Nikasema moyoni, haya ndiyo matengenezo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vikitaka kuendelea kuelea lazima viundwe kila wiki. Nimewahi kukaa kwenye viwanja vya umma vya gharama kubwa ambako bomba lililovunjika lilingoja mwaka mzima, kwa kuwa fundi lazima atumwe na ofisi, na ofisi lazima ipate barua. Kule Gazi aliyeona ubao umeoza ndiye aliye na nyundo. Kisiwani Wasini akina mama nao wana daraja kama hilo juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na mapato husaidia karo za watoto. Mtindo ni mmoja: pahali panawalisha kidogo wanaopalinda, basi wanapalinda.

Juu mlimani hadithi ni ndefu zaidi na haijatulia. Msitu wa Shimba ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu kubwa ikawa hifadhi ya taifa. Ndipo wanapoishi palahala wa mwisho wa Kenya, na ndipo maporomoko ya Sheldrick yanapoanguka zaidi ya mita 20 kwenye kidimbwi cha maji baridi. Ukitaka kushuka huko unasindikizwa na askari wa wanyamapori. Ni pahali pazuri mno. Lakini kwa mkulima wa pembeni, miaka mingi msitu ule ulikuwa ni ndovu wanaotoka usiku kumaliza mahindi na migomba. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Kidigo na Kiduruma upande wa Mwaluganje waliunganisha mashamba yao, wakaacha kulima, wakaifanya njia ya ndovu kuwa hifadhi ya jamii na kugawana mapato ya mlangoni. Hata kinyesi cha ndovu kikatengenezwa karatasi ya kuuzia wageni. Uamuzi ule ulikuwa wa kijasiri, maana mkulima aliyeacha shamba anategemea gari la mtalii kama zamani alivyotegemea mvua, na gari nalo lina ukame wake. Ndovu walizidi nafasi, na mwaka 2005 serikali ikaanza kuwahamisha wengine kwenda Tsavo Mashariki. Nawataja watu wa Mwaluganje ili nisije nikaonekana nasema jamii ikishika ufunguo basi mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Daftari na mwiko vikikutana bila kipato cha kutosha, mkulima hukumbuka mahindi yake, na ana haki.

Umebaki ufuo, ambao kwa watoto wa Ukunda na Msambweni ndio uwanja wa mpira, bwawa la kuogelea na ukumbi wa harusi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo mchanga ule, hakuna mwenye hoteli wala mwenye nyumba anayeweza kusema ni wake. Daftari kubwa kuliko yote nchini limesema. Lakini ufuo una shida ya peke yake: huwezi kuufikia kwa kuruka. Lazima upite mahali. Na zile njia ndogo za kwenda baharini, walizopita wavuvi na watoto kabla ya kuta, ziko ambazo zimekuwa nyembamba, ziko zilizowekwa geti, ziko zilizobaki kwenye kumbukumbu za wazee tu. Haki ya mchanga bila haki ya njia ni kama kupewa sahani bila chakula.

Tume ya Ndung'u, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma nchini kote, misitu, viwanja vya michezo na nafasi za barabara, ilivyogawiwa watu binafsi. Hilo halikuwa la pwani peke yake. Mwaka 1989 pale Nairobi, Uhuru Park ilitaka kujengwa jengo la ghorofa 60. Bustani ile ilifunguliwa rasmi mwaka 1969 na ilijulikana na kila mtu kuwa ya umma, lakini karatasi haikupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Wangari Maathai, akaandika barua, akatukanwa bungeni, wafadhili wakajiondoa, jengo likafa. Hapo tena daftari lilihitaji mtu aliyelifanya mwiko: tusiguse hapa. Msambweni na Diani, wavuvi wanaolinda madiko yao ya kuteremshia samaki wanafanya kazi hiyohiyo bila kamera. Siku diko likizungushwa ukuta, mvuvi hupoteza kazi, na mtoto wa jirani naye hupoteza pahali pekee pa kukaa jioni bila kuulizwa atanunua nini.

Siku hizi serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, zinajenga bustani: viti vya saruji, taa za jua, vyoo, njia za kutembelea. Nafurahi. Mama aliyetoka zahanati anahitaji kiti chenye kivuli, na kijana anahitaji taa ili asome au acheze dama bila kuvamiwa. Sitaki mtu anielewe kwamba kila bustani iwe msitu wa mizimu. Hata mpwa wangu hakukosea: bembea ni haki ya mtoto, na kaya siyo pahali pake. Ndiyo hasa sababu tunahitaji pahali pengi pa aina tofauti.

Ila sheria inataka wananchi waulizwe kabla bajeti haijapitishwa, na mikutano hiyo hufanyika, mara nyingi watu wachache, chai na mkate. Tuende. Tukifika tusiishie kuuliza bustani itagharimu kiasi gani. Tuulize hati ya kiwanja imesajiliwa kwa jina la nani, na nakala iko wapi. Tuulize njia ya kufika imeandikwa au imeahidiwa kwa mdomo. Tuulize bomba likivunjika nani ana nyundo, naye atalipwa kutoka mfuko upi. Tuulize muuza mahamri na muuza madafu watapewa nafasi au watafukuzwa siku ya ufunguzi, maana hao ndio macho ya pahali. Na kama kiwanja kina mti wa zamani, mkwaju au mbuyu, tuwaulize wazee wa hapo una jina gani na una mwiko gani, kisha yote mawili yaandikwe kwenye daftari la bustani, ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la mgeni wa heshima.